Leo Mpiga Picha ni Mimi

Wacha nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka nyinyi. Mjukuu wangu Salama hupiga picha za harusi. Kamera yake ndogo, tangu ainunue, inakaa ndani ya kizimba cha chuma chenye mpini na taa. Miaka yote hiyo imeanguka kwenye harusi huko Dabaso, imegongwa na masufuria ya pilau, na haina hata mkwaruzo. Chuma ndicho kilichochubuka.

Lakini wivu nilio nao, jamani! Anayeitwa kukishika kizimba ni mke mwenzangu, Rukia. Mimi hupewa mkoba.

Juzi, kwenye kupamba bibi arusi huko Mambrui, nikakiona kizimba mezani, taa inawaka. Nikakinyakua. Nikafumba jicho moja, nikawaona wanawake wazi kuliko siku zote.

"Bibi arusi, inua kidevu! Mashangazi, sogeeni!"

Ukumbi mzima ukanitii. Nikamgeukia Rukia. "Na wewe cheka basi, leo mpiga picha ni mimi."

Rukia akanijia polepole, akapitisha kidole katikati ya kizimba mpaka kikanigusa pua.

"Kamera iko kwa Salama, dada, anaifuta mchanga. Wewe watupiga na nini?"