Kitambaa Cheusi cha Bethia Rintoul

"Maiti hana mfuko, Mzee Gow. Hiyo ada mnamdai nani?"

Bethia Rintoul alikuwa amesimama mbele ya kikao cha wazee wa kanisa la Balcraig, huko Fife, Uskoti, mikono kiunoni. Hakuitwa kuuliza maswali, aliitwa kujibu. Kosa lake lilikuwa kitambaa.

Kanisa lilikuwa na vitambaa viwili vya kufunikia jeneza: kimoja cha mahameli kwa wenye nazo, na kimoja cha sufu, nondo wamekila, kwa hao wengine. Vyote kwa ada. Asiyekuwa na ada alimpeleka mtu wake makaburini mbao zikiwa uchi, kijiji kizima kikitazama. Watu wa Balcraig waliweza kushinda na njaa wiki nzima jirani asijue, lakini mbao uchi ilikuwa aibu ya kurithisha wajukuu.

Bethia mwenyewe hakuwa tajiri. Alikuwa mjane wa mfumaji, naye mfumaji vilevile, mali yake mtambo mmoja, ng'ombe mmoja mkaidi, na ulimi. Mwaka uliotangulia, jirani yake Dougal Imrie alizika mtoto, na jeneza likafunikwa kwa aproni ya mama mtu. Bethia aliiona ile aproni ikipita, ina doa la uji kwenye pindo. Siku ile hakula. Majira yote ya baridi alifuma kitani, akakitia weusi kwa magome ya mwaloni na vyuma vyenye kutu, akakishonea matamvua. Kisha akatangaza kisimani: mfiwa yeyote aje achukue, bure.

Ukweli usemwe. Mara ya kwanza kilipotoka, mvua ilinyesha, rangi ikachuruzika, wabebaji wakarudi na mikono kama ya wachoma mkaa. Mzee Gow, mwenye duka la mikate na mtunza sanduku la kanisa, aliitangaza habari hiyo pamoja na mikate yake: kitambaa cha Bethia kinalia kuliko wafiwa. Bethia akakichemsha upya kwa siki, akakisuuza mpaka maji yakatoka meupe, na watu wakaendelea kuja. Hilo ndilo lililomleta mbele ya kikao. Sufu ya kanisa ilikuwa imelala kabatini tangu baridi ilipoisha, haina wa kuiazima.

Mzee Gow hakupandisha sauti. Alimwuliza kama anajua ada ile huenda wapi. Bethia alijua, nani asiyejua? Huenda kwenye sanduku la maskini, inanunua unga wa oti.

"Basi sikiliza," Gow akasema. "Mwezi huu Girzie Lumsden amekatiwa nusu ya unga wake, sanduku limekauka. Sisi hatukumkatia. Umemkatia wewe."

Bethia alikuwa na jibu la kila neno chini ya jua. Safari hii akashusha mikono kutoka kiunoni. Wakamwambia akisalimishe kitambaa kabla ya meza ya Bwana ya kiangazi, la sivyo hatapewa kile kipande cha madini ya risasi, mfano wa sarafu, kinachomruhusu mtu kuketi mezani. Kukosa kipande kile pale Balcraig kulikuwa sawa na kuvuliwa nguo sokoni.

Bethia akapita nyumbani, akachota bakuli la unga kutoka pipa lake mwenyewe, akalipeleka kwa Girzie, kikongwe msokota nyuzi aliyeishi ng'ambo ya njia. Girzie hakulipokea.

"Umewavika wafu kwa tumbo langu, Bethia."

"Ndiyo maana nimeleta. Chukua, mama, usinitie aibu."

"Unga wa kanisa ni haki yangu, hata mchungaji anajua. Huo wako ni sadaka. Mimi sili sadaka, sembuse ya mtu aliyenipora. Rudi nao."

Bethia akarudi nao. Alisumbuka siku kadhaa, akamsemesha ng'ombe, akakosea kufuma, akafumua. Angekisalimisha kitambaa, akina Imrie wangerudia aproni. Angekishikilia, Girzie angelala njaa. Mwisho akaenda dukani kwa Gow wateja wakiwa wamejaa, ili mwenye duka asiweze kumkatiza. Kitambaa kitabaki bure, akasema. Lakini mwenye kukichukua, siku atakapojaliwa, atapeleka bakuli la unga kanisani. Si kwa Bethia. Ndani ya pipa la maskini, mbele ya mtunza sanduku mwenyewe.

"Na asiyejaliwa kamwe?" Gow akauliza.

"Huyo ndiye niliyemfumia."

Wanawake waliokuwa dukani wakacheka, na Gow akajikuta anafunga mkate ambao hakuna aliyeuomba. Kikao kilinung'unika, kikakubali. Bethia akapewa kipande chake, akaketi mezani. Kufikia vuli, Dougal Imrie alileta bakuli lake, limejaa mpaka unga unamwagika, na Girzie akarudishiwa kipimo chake kizima.

Ila ile miezi miwili ya nusu kipimo hakuisahau. "Nakudai mabakuli mawili, Bethia," alimwambia kila Jumapili nje ya kanisa, watu wakisikia. Bethia akipeleka, yanarudishwa: sadaka. Asipopeleka, anadaiwa. Deni lilikuwa limemnogea Girzie kuliko uji.

Miaka ikapita hivyo, mpaka mwaka mmoja, majira ya kuchipua, Girzie akaugua asiweze tena kuinuka kitandani. Bethia alikuwa akimwashia moto asubuhi Gow alipoingia, kofia mkononi. Alikuja na habari njema, au alidhani hivyo. Kikao kimeamua kwamba Girzie, kwa umri wake na heshima yake, siku yake ikifika atafunikwa mahameli, bila ada.

"Mahameli ya bure ni sadaka, Mzee Gow," Girzie akasema. "Nitafunikwa chake huyu. Kile nimekilipia. Mabakuli mawili."

Bethia aliendelea kupuliza moto. "Kwa hiyo hunidai tena?"

"Nikishafunikwa. Kabla ya hapo bado nakudai."

Alizikwa wiki hiyohiyo. Wanawake wa pale hawaendi makaburini, kwa hiyo Bethia alibaki nyumbani kwa marehemu akikata jibini, akisikiliza mvua juu ya paa. Ilikuwa mvua ya kweli. Wanaume waliporejea, Gow ndiye aliyebeba kitambaa, kimelowa, kimekunjwa vizuri. Alikuwa mmoja wa wabebaji.

Alikiweka juu ya kiti, akamkunjulia Bethia viganja vyake vyote viwili, mbele na nyuma. Vilikuwa safi.

Bethia akamkatia kipande cha jibini, kikubwa kuliko cha wengine.

"Haya," akasema. "Hanidai tena."