Taa Yangu na Kamera ya Dada Yangu

Niseme ukweli tangu mwanzo: nilimwonea dada yangu mdogo wivu. Si ule wivu wa kununa siku mbili ukaisha. Huu ulinikosesha hata hamu ya kula sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, na mke wangu akadhani ninaumwa. Na ulioleta wivu wote huo ni mtambo mdogo kama kibiriti.

Miaka ile, baada ya vita, mji wetu wa Bunia ulikuwa umetulia, kutulia kwetu kule: unapanda mihogo, lakini kifurushi cha nguo kimekaa tayari nyuma ya mlango. Watu walioana kwa haraka, kama waliochelewa, na kila karamu ya mitaa ya Ngezi na Mbunya ilitaka kamera. Kamera ilikuwa mimi. Nilikuwa na ile kubwa ya kubeba begani, ya kaseti, na juu yake taa ya kumulika. Taa hiyo ndiyo iliyonipa heshima mjini. Hata saa sita mchana, jua linachoma, watu walidai niiwashe, maana kwetu kama taa haijakupiga usoni, hujapigwa video, umeangaliwa tu. Basi nawasha. Wageni wanasimama, wanafunga vifungo vya koti, wananyoosha mikono mapajani, wananikodolea macho kimya mpaka nipite. Kaseti zangu zote zimejaa watu waliosimama wima sawa vile wameitwa mbele ya jaji. Nami, mjinga wa watu, nilidhani hiyo ndiyo video nzuri.

Halafu shirika moja likafundisha wanawake kupiga video, na dada yangu akarudi nyumbani na kile kidude kimening'inia shingoni kwa kamba. Nilicheka mpaka nikakohoa.

“Weye, hii ni kamera ao ni kiberiti?”

“Ni kamera, yaya. Cheka tu,” alinijibu, akiniita yaya kama kwetu tunavyomwita kaka mkubwa.

“Na taa yake iko wapi?”

“Haina taa. Jua inatosha.”

Jua inatosha! Nilienda kuwasimulia wenzangu wote maneno hayo. Lakini nilimchungulia, loo, nilimchungulia kama mwizi. Asubuhi alifuta kioo cha kamera kwa kitambaa safi, kwa sababu jasho la shingo lilikitia ukungu. Alikata kipande cha sponji ya godoro akakibandika kwenye tundu la sauti, upepo usivume ndani. Akitaka kupiga, alibana viwiko kwenye mbavu, akashusha pumzi, akahesabu moyoni hadi kumi kabla ya kugeuka upande mwingine. Hakuvuta picha kutoka mbali, maana kidude kile hakikuweza. Alimsogelea mtu mpaka karibu kumgusa. Na kabla ya hayo yote alizunguka wiki nzima akiwa amekivaa kimezimwa, akisonga ugali nacho, akienda nacho sokoni, mpaka watu wakakizoea na kukisahau.

Siku moja aliwaonyesha majirani mama yetu akipepeta mchele. Mama kwenye picha aliimba, akapiga chafya, akamtukana kuku. Watu walishika mbavu kwa kucheka. Mwanamke mmoja akaniuliza, mbele ya wote, “Weye, mbona yako haiongeaka hivi?” Niliondoka bila kuaga. Miaka yote ile ya kubeba mzigo begani, na mtoto aliyezaliwa nyuma yangu ananipita kwa kitu cha kuingia kiganjani! Roho iliniuma, na siwezi kuisema kwa namna nyingine.

Hapo ndipo ilipofika siku ya mahari ya mdogo wetu wa kike wa mwisho.

Papa alikuwa mtu wa ng'ombe, upande wa Boga. Vita vilimwachia fimbo peke yake. Na kwetu, ng'ombe wa mahari wakiingia, mwenye boma husimama katikati yao akawaita mmoja mmoja. Kila mmoja humpa jina la ng'ombe wake wa zamani, na hueleza yule wa zamani aliitendea nini nyumba yake. Maneno hayo hayarudiwi. Yakikatizwa, yamekatika, na ng'ombe aliyekuwa anafuata hubaki bila jina. Tangu vita, papa hakuwa amewataja ng'ombe wake hata kwa bahati mbaya. Sasa kifua kilikuwa kinambana, na wote tulijua hii ni mara yake ya mwisho. Mama alituita mimi na dada yangu nyuma ya jiko.

“Munipatie sauti yake,” alisema. “Ile tu. Ingine yote mutaniletea baadaye.”

Mimi nilikuwa na haja nyingine tena, ya siri. Papa hakuwahi kunisifu. Wengine aliwasifu, hata kuku aliyetaga vizuri alimsifu, lakini mimi, mtoto wake wa kwanza, alinipa kazi na kunyamaza. Nilitaka siku hiyo aone kamera yangu, na taa yangu, na watu wakinipisha njia.

Kwa hiyo nilipanga mambo mapema. “Papa ni wa kamera kubwa,” nilimwambia dada. “Yako ikapige wanawake kule kwenye vyungu.”

Papa alikuwa amekaa chini ya bashi, lile turubai la kivuli, akasikia. “Hapana,” alisema. “Huyu akae karibu na miye. Mutoto huyu iko na mikono ya polepole.”

Mikono ya polepole! Mimi hakuwahi kuniambia nina hata vidole. Nilienda kwenye jenereta ya kuwashia taa yangu, nikaivuta kamba kwa hasira, ikakataa, nikaivuta tena. Ng'ombe waliingia, nikasikia vigelegele, na mimi bado nimeinama nyuma ya ua nikihangaika na waya. Ilipowaka, kelele zake ziliniziba masikio, sikusikia tena lolote la uwanjani.

Nilitoka na kamera begani, nikawaona. Papa alisimama katikati ya ng'ombe, kiganja chake mgongoni kwa mweusi mmoja, na alikuwa anacheka. Sikumbuki kama niliwahi kuyaona meno yake mchana. Dada yangu alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, viwiko vimebana mbavu, kidude kifuani, ametulia kama anamsikiliza tu. Watu wote walikuwa wametega sikio. Mama alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Papa akamwachia yule mweusi, akasogea kwa ng'ombe mwekundu aliyefuata, akamwekea mkono shingoni. Midomo yake ilikwenda polepole, na macho yalikuwa kwa dada yangu. Kwangu mimi ilionekana anampa yeye peke yake kila kitu alichotunyima miaka yote.

Ningeweza kuzima jenereta nikasogea, nikasikiliza kama wengine. Na nilijua taa ingefanya nini. Nisijifanye sikujua, ilikuwa kazi yangu, nilikuwa nimeona watu mia wakiganda mbele yake. Nilijua, nikaiwasha.

“Papa!” nilipiga kelele. “Papa, angalia huku!”

Alikatiza maneno. Mwekundu alishtuka akakimbilia ukutani. Papa, mtu wa adabu, alifunga vifungo vya koti, akanyoosha mikono mapajani, akaniangalia. Nilimpiga video ndefu. Nilipozima taa, wazee walikuwa wameshaanza kugawa vinywaji, na kutaja ng'ombe kulikuwa kumekwisha. Mama alipita mbele yangu bila kunitazama.

Jioni ile dada yangu alinifuata mpaka kwangu. “Yaya, kuya uone. Papa alikuwa nasema juu yako.”

“Nenda ukajisifu kwa wengine,” nilimjibu.

Alirudi siku ya pili. Alirudi tena juma lililofuata, na kadi ndogo ya kamera ameifunga ndani ya leso. Mara hii nilimfungia mlango. Nilidhani anataka nikae kwenye kiti nisifie kazi yake, nami afadhali ningekula udongo. Siku zote hizo papa alikuwa hai, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Tuliamkiana kila asubuhi. Swali moja lingetosha, lakini sikudhani kuna la kuuliza.

Mvua kubwa zilipoanza, kifua kilimchukua.

Baada ya maziko mama alitaka kusikia sauti. Tulikaa sebuleni sote, na safari hii sikuwa na mlango wa kufunga. Papa alitokea kwenye skrini, karibu kabisa, unaona mpaka mvi za pua, na sauti yake safi, bila upepo. Wa kwanza alimpa jina la ng'ombe aliyetuvusha njaa. Yule mweusi alimpa jina la ng'ombe aliyemlisha dada yangu maziwa alipoumwa surua. Kisha akamfikia mwekundu, na nikaona kitu ambacho mbali kule sikukiona: macho yalikuwa yamemlowa.

“Huyu ni wa mutoto wangu wa kwanza,” alisema. “Yeye, sikumuambiaka hata siku moja kama...”

Mwanga mweupe ukajaza picha, na sauti yangu ikaingia: “Papa! Papa, angalia huku!”

Dada yangu, ambaye angeweza kusema mengi, alinishika mkono tu. Hajawahi kunilaumu, na hilo pia nalionea wivu.

Yule mwekundu alizaa mara nne kwetu bila jina. Kaseti yangu ninayo bado. Hakuna ng'ombe ndani yake, hakuna neno, sauti ya jenereta tu. Ni papa, vifungo vimefungwa mpaka shingoni, ananiangalia mimi moja kwa moja kwa muda mrefu, mdomo umefumbwa, kama nilivyomwagiza.