Mkono wa Kuonjea Mawese

Mawese ya Bi Hasna hayakuwa yakionjwa. Kwa muuzaji mwingine yeyote wa soko la Ujiji, mnunuzi hunyoosha mkono, akadondoshewa mafuta nyuma ya kiganja, akalamba, ndipo mazungumzo ya bei yakaanza. Kwa Bi Hasna ulileta chupa tupu ukasema, "Nijazie." Kumnyooshea mkono kungekuwa kumtukana.

Heshima hiyo aliirithi kwa mama yake. Babu yake alitoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, akajenga nyumba mtaa wa Kasingirima, na wanawake wa nyumba yake wakawa watu wa mawese: kuchemsha chikichi, kuzitwanga, kuzikamua, kuchemsha tena na kuengua mafuta mekundu yasiyo na taka. Hasna aliolewa akiwa na kazi hiyo, akafiwa na mume akiwa nayo. Nilipopanga chumba uani kwake mwaka wa tisini na saba, nikingoja meli ya kwenda kusini ambayo haikuwa na haraka yoyote, alikuwa mama wa makamo, mnene, anayecheka kwa mabega, na vidole vyake vilikuwa na wekundu usiotoka hata kwa sabuni.

Mji ulikuwa umefurika. Vita vya Burundi, kisha vya Zaire, vilikuwa vikileta watu kwa mitumbwi na kwa miguu, na nyuma ya watu yakaja makopo makubwa ya mafuta meupe. Makopo ya namna hiyo nilikwisha kuyaona katika bandari za nchi nyingine. Soya hulimwa upande wa pili wa dunia, mafuta yake yakapanda meli, kisha treni, kisha lori mpaka kambini. Juu ya bati yaliandikwa maneno ya kukataza kuuzwa, kwa lugha tatu. Nilizisoma zote tatu pale sokoni, makopo yakiuzwa.

Sikuona mwizi. Mkimbizi aliyechoshwa na mahindi makavu aliuza mafuta apate dagaa. Mwenye dagaa alipata mafuta rahisi. Wakubwa wanaokutana kwenye hoteli husema bidhaa zikiachwa zitembee dunia nzima, kila mtu atakula. Ujiji mwaka ule watu walikula kweli. Aliyekosa wa kumlisha ni mchikichi.

"Mwalimu Asnath, siku hizi chupa yako imepotea?" Bi Hasna alimwita mteja wake wa zamani, mwalimu kutoka Upareni aliyehamishiwa Kigoma.

"Haijapotea, Bi Hasna. Nimehamia kwenye meupe. Yako matamu, lakini mume wangu kila shati lina doa. Nafua mpaka nahisi nimeolewa na mawese!"

Soko likacheka. Bi Hasna naye akacheka, akajibu, "Mume asiyejua kula mfungie kanga shingoni!" Lakini alirudi nyumbani na dumu lililojaa vilevile kama lilivyotoka.

Waliobaki kuyataka mekundu walikuwa wakimbizi wenyewe. Maharage bila mawese, kwao, yalikuwa chakula cha hospitali. Kati yao alikuwapo Verediana, mjane kijana wa Kirundi, aliyeshuka kutoka kambini upande wa Kasulu kwa malori ya wachuuzi, maana wakati huo njia ilikuwa haijabanwa. Hakuwa na pesa. Alileta kopo la mgawo, akaondoka na mawese. Kiha cha Bi Hasna na Kirundi chake vinakaribiana. Walielewana kama mtu na mdogo wake.

"Mama, haya ni ya matanga," alisema siku moja. "Tunamaliza msiba wa mume wangu. Nimewaahidi watu maharage kama ya kwetu."

"Mwanangu, nenda. Watalamba vidole."

Yaliyotokea kabla ya hapo Bi Hasna alinisimulia mwenyewe baadaye, akiwa ameinamia jiko, hanitazami. Makopo ya kubadilishana yalikuwa yamejaa chumbani kwake. Mkwea michikichi aliyemvunia chikichi alikuwa ameacha kazi, amekwenda kupakua malori ya misaada. Chikichi zilikuwa chache na wateja wa mekundu wanangoja. Akamimina kikombe cha meupe ndani ya dumu. Rangi haikubadilika. Akaongeza kingine. Mwishoni ilikuwa karibu nusu kwa nusu, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeonja.

Lakini kambini ni juu milimani, kwenye baridi, na ulikuwa msimu wa kipupwe. Asubuhi za huko mawese huganda mpaka uyachote kwa kijiko. Asubuhi ya matanga Verediana alifungua dumu mbele ya wazee wa kwao, na mafuta yakamwagika kama maji.

Alirudi sokoni siku ya mnada, palipojaa watu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la Bi Hasna, natafuna maandazi.

"Mwakeye, mama," alisalimu, akipiga makofi kwa adabu ya kwao.

"Mwakeye, mwanangu. Matanga yalikwendaje?"

Verediana alinyoosha mkono, kiganja chini.

Muuza dagaa wa jirani aliacha kupima dagaa, akageuka. Bi Hasna aliutazama mkono ule. Chini ya meza alikuwa na chupa yake ya nyumbani, safi, ya mawese matupu aliyoyakamua kwa ajili ya chungu chake. Mkono wake ulikwenda kwenye dumu, ukasita, ukashuka kwenye chupa. Akadondosha.

Verediana akalamba. Akafumba macho kidogo.

"Haya ni yako," alisema taratibu. "Yale ya matanga yalikuwa yangu. Nilikuletea mimi, mama, ukanirudishia umeyapaka rangi."

Hakupaza sauti. Angepiga kelele, Bi Hasna angejua la kufanya. Ulimi wake sokoni haukuwa na mshindani. Sasa alimsogezea tu ile chupa ya nyumbani, mjane akaisukuma pembeni kwa ncha ya kidole, akaenda zake kwenye malori. Mimi niliitazama karatasi ya maandazi yangu, ilivyolowa mafuta meupe.

"Nami nionje, Bi Hasna," alisema muuza dagaa. Miaka yote alikuwa hajawahi. Nyuma yake mkono mwingine ukanyooshwa, na mwingine.

Dumu la mchanganyiko alilimwaga ziwani, kwenye ufuko wa Katonga. Tangu hapo hakuchanganya tena. Verediana hakushuka tena Ujiji. Baadaye njia za kambi zilifungwa, mgawo ukapunguzwa, makopo yakaadimika. Yakaja mafuta mengine meupe, ya dukani, kutoka nchi nyingine. Mkwea michikichi hakurudi.

Nilipita tena Ujiji miaka kadhaa baadaye, nikamkuta mahali palepale, amekonda. Nilimpa chupa yangu.

"Shikamoo, Bi Hasna. Nijazie."

"Marahaba. Lete mkono kwanza."

"Mama, mimi ni mpangaji wako! Sina haja ya kuonja."

"Lete mkono," alisema, kijiko tayari hewani, macho yake mezani.

Nikaunyoosha.