Kiroba cha Mchele Kwenye Kilima cha Mama

Mizani ilipokwama nilitamani kuitupa barabarani ikanyagwe na malori. Nauza viazi sokoni Uyole tangu usichana wangu, mizani naijua, lakini hii ya zahanati ilikuwa inanichezea. Nilikuwa nimepungua kilo kumi na nane, kisha basi. Mwezi ukaja, mwingine ukaja, nami na kitonge changu cha ugali kilekile, na mshale hausogei.

Nilikuwa na haki ya kukasirika. Mama yangu anaishi juu kwenye milima ya Iringa, mahali ambapo gari linaishia bondeni na wewe unapanda kwa miguu. Nyonga haimruhusu tena kushuka. Safari yangu ya mwisho nilifika nusu ya kilima, pumzi ikakata, magoti yakagoma. Mama alikuwa amesimama uani ananiona. Alinipungia mkono, nikampungia, nikageuka nikashuka huku nalia. Nikaapa sitakijaribu tena kilima kile mpaka nirudie uzito wa usichana. Akipiga simu kuuliza nakuja lini, nasema mvua zikiisha.

Nesi wa zahanati alinicheka.

"Dada, hujakosea kitu. Mwili ukipungua, matumizi nayo yanapungua. Sufuria ndogo utaiwekea mkaa wa sufuria kubwa? Tena mwili wenyewe ni bahili. Ukiona chakula kimepungua, unabana."

"Na hii baridi ninayoisikia? Mimi ambaye sijawahi kuvaa sweta maishani!"

"Ni hukohuko kubana, dada."

Nilimwona mjuaji tu, nikaondoka nimenuna.

Kisha mama akapiga simu, akanieleza habari za kuku, za mvua, za kwaya ya kanisani, akaaga. Hakuuliza nakuja lini. Nikajua amechoka kuningoja. Kesho yake nikapima mchele wa Usangu kilo kumi na nane kamili, kwa ubishi tu, nione hicho nilichokipoteza kina ukubwa gani. Nikapanda basi la Iringa.

Pale gari linapoishia nilisokota kitenge nikafanya ngata, nikajitwika kiroba, nikaanza kupanda. Haikuchukua muda. Jasho likanitiririka mgongoni, moyo ukapiga ngoma, magoti yakaanza malalamiko yake ya siku ile. Nilipofika mahali palepale nilipogeukia, nikatua kiroba juu ya jiwe.

Jamani! Mwili ulikuwa mwepesi hadi nikayumba. Nikapiga hatua chache kupanda, nikarudi, nikapanda tena, pumzi ipo, magoti kimya. Jasho likakauka na baridi ikanishika papo hapo. Nikacheka peke yangu kwa sauti kubwa. Kumbe huyu niliyemtua juu ya jiwe ndiye niliyekuwa nambeba kila siku, sokoni, kanisani, hata kitandani! Huyu ndiye aliyekuwa anamaliza sahani ya pili na kunitoa jasho nikiwa nimekaa tu! Sasa nimemtua, halafu nashangaa kwa nini mwili hautumii kama zamani. Nesi alikuwa amesema kweli tupu, na mizani haikuwa na kosa lolote. Na mimi nilikuwa naisubiri iniruhusu kwenda kwa mama!

Nikajitwika mchele wangu, nikapanda huku napiga vigelegele kama niko harusini.

Mama alikuwa uani. Safari hii hakupunga mkono, alijishika mdomo.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Mwanangu, unaumwa?"

"Siumwi, mama. Nimepungua tu. Nimefika, mama, nimefika!"

Alinishika mikono, akaona ilivyo baridi, akaingia ndani akichechemea. Akatoka na sweta la sufu, kubwa, jekundu. Alianza kulifuma siku ile nilipogeuka, kwa kipimo cha macho yake kutoka juu uani. Nililivaa. Mikono ikanimeza, na upande mmoja ungeweza kuingia mtu mwingine. Tulicheka mpaka mama akalazimika kukaa.

Kisha akanivua, akaliweka mapajani, akaanza kutafuta ncha ya uzi.

"Mama, usilifumue! Nitalivaa hivyohivyo."

"Niache," alisema, na uzi ukaanza kutoka. "Hapa yanatoka mawili. Na mimi huku nasikia baridi."