Shairi Ambalo Citlali Hakulisoma

Si kweli kwamba Bibi Eulalia Zepeda alimnyamazisha mjukuu wake kwa kuona haya ya mashamba ya stroberi. Hayo yameenezwa na majirani mpaka mji mzima wa Watsonville ukayaamini. Mwanamke aliyefundisha shule kwao Michoacán, ng'ambo ya mpaka, miaka kumi na tisa, akamzika mumewe ugenini, kisha akainama kuchuma bila kulalamika, haoni haya ya kazi. Siku ile aliogopa, basi.

Watoto walikuwa wakisoma mashairi yao ukumbini mwa shule, ubeti kwa Kihispania, ubeti kwa Kiingereza. Citlali, wa miaka minane, alikuwa amelificha lake wiki nzima ili amshangaze baba yake, Anselmo, ambaye alikuwa bado njiani kutoka shambani. Zamu yake ilipokaribia, akashindwa kuvumilia.

"Bibi, sikiliza kidogo tu. 'Baba yangu ana majina mawili. La nyumbani ni Anselmo, la shambani ni...'"

Bibi Eulalia akamziba mdomo.

Anselmo alichuma kwa jina na karatasi za kibali za mtu mwingine, kosa la kufukuzwa nchini, ng'ambo ya mto ambako majirani hawakufika. Hakuna aliyemkanya mtoto asiseme, kwa kuwa hakuna aliyedhani anajua. Na kwenye kiti cha mbele kabisa alikaa mke wa nyapara wake, aliyewajua wachumaji wote kwa majina.

"Mwalimu ameshalisoma?"

"Bado. Nilimwambia ni siri."

"Soma la mwaka jana, mwanangu."

"La kuku? Lile la kitoto, bibi!"

Jina la Citlali likaitwa. Bibi Eulalia alimshika mkono, asimwachie.

"Shoga, mwache mtoto!" jirani yao Chayo akapaza sauti. "Au unaogopa atatusimulia unavyokoroma?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mke wa nyapara akageuka, akitabasamu.

"Njoo, mrembo, usiogope. Baba yako nani vile?"

Citlali alifungua mdomo. Bibi Eulalia akampokonya karatasi ya shairi, akaisokomeza kifuani.

"Mtoto anaumwa," alisema, akamkokota Citlali nje huku mtoto akilia.

"Nimekosea nini?"

"Hujakosea. Tembea."

Hakuthubutu kutazama nyuma. Barabarani walikutana na gari la Anselmo. Bibi akamsimamisha kwa mikono miwili na kumwambia ageuze. Wiki nzima iliyofuata, kila gari lililopunguza mwendo mbele ya nyumba lilimfanya achungulie dirishani.

Leo Anselmo ana karatasi zake mwenyewe, ndiyo maana haya yanaandikwa. Lakini aliyemwazima jina lile la shambani bado anaishi bondeni, bado anachuma, na akijulikana atashtakiwa. Chayo, ambaye sasa anaijua habari yote, ameshauliza mara tatu mtu huyo ni nani, mara ya mwisho mlangoni mwa kanisa, mbele za watu.

"Sisemi," Bibi Eulalia alimjibu, akaingia ndani.