Uzi wa Lodwar

Kila nikiwasha jiko la mafuta ya taa namwona baba, maana mashati yake yalinuka hivyo hivyo. Alipakia mizigo kwenye ndege kule Lokichoggio, kaskazini kabisa, na akija likizo alijisifu: "Tukiondoka Loki chai ikiwa moto, tunatua Lodwar kabla haijapoa."

Dani, mama yake mzazi, alipokufa, tulimngojea. Yeye ndiye kifungua mimba, ndiye wa kutupa udongo wa kwanza. Tulingoja hadi watu wakachoka, tukamzika bila yeye. Alifika kwetu Migosi wiki moja baadaye, akaketi, akawaambia ndugu zake, "Kutoka Loki mpaka Lodwar peke yake ni siku mbili, jamani."

Mimi nilikuwa sakafuni na atlasi ya shule, karibu na cherehani ya mama. Nikapima kwa uzi, nikainua kile kipande.

"Baba, ni kifupi kuliko kidole changu. Na si ulisema chai haipoi?"

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo aliweka kikombe chini polepole.

Baba akamgeukia mama. "Mtoto wako hana adabu."

"Ni wako," mama akasema, akakata uzi kwa meno.

Leo asubuhi baba amenipigia simu kutoka Migosi. Anaumwa, anataka niende. Niko hapa Asembo Bay, mwendo wa saa moja na kitu. Chai yangu ilikuwa bado inatoa mvuke mezani.

"Ni mbali, baba," nikamwambia. "Ni siku mbili."