Kereng'ende wa Nyuma ya Nyumba

Jumanne, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilinyesha asubuhi. Saa sita jua likatoka, ziwa likabaki na rangi ya udongo.

Mwanangu, kuna siku moja ya utoto wangu kule Sange ambayo leo imenirudia. Ninaiandika kabla sijaichanganya. Wanaume walikuja na majembe kuchimba mfereji, wakaushe kinamasi, wapande mpunga. Babu yangu akasimama mbele yao. Akasema kereng'ende wa pale wanakula mbu, maji yakiisha malaria itatumaliza. Hakudanganya; nimewaona kwa macho yangu wakikamata mbu hewani. Lakini mbu nao walizaliwa katika maji yale yale, na hilo hakulisema.

Baba yangu akamwambia, "Baba, weye hata chandarua unakataa. Leo mbu imekuwa shida yako?"

Watu wakacheka. Babu alikuwa anatazama vile vidudu vyenye kukimbia juu ya maji bila kulowana. Kisha akasema polepole, "Mama yenu alikuwa anateka maji hapa. Vikikimbia hivi maji yanatikisika, ninaona kama ametoka tu kuinua ndoo."

"Tangu asubuhi tunabishana juu ya mbu," baba akasema, "kumbe ni juu ya mama."

Mfereji ulichimbwa. Lakini kwanza waliweka majembe chini, wakakaa naye, akamzungumzia bibi mpaka akachoka mwenyewe.

Leo Amani, ndugu yako, ameleta udongo afukie kidimbwi cha nyuma ya nyumba yetu hapa Kasenga. Mtoto wake ametoka juzi hospitali, malaria ilikuwa karibu imchukue. Nami nikaanza: kereng'ende wanakula mbu… Nilikuwa ninamsikia babu katika mdomo wangu.

"Amani, si mbu. Ni baba yako. Alikuwa anaosha miguu hapa akitoka shamba, anasalimia kereng'ende kama majirani."

"Mama, miye nilizani unabisha tu."

Akaja akakaa kando yangu. Tuliwatazama, wekundu na wale wa buluu, wakitua kwenye matete na kuruka tena. Halafu tulifukia. Nilibeba udongo mimi pia, kwa sababu mtoto ana haki zaidi kuliko hamu yangu. Ninaandika hivi, na bado ninataka kidimbwi changu.

Mwanangu, sikusoma sana, pengine ninakosea. Ukikumbuka mtu, sema unamkumbuka. Usijifiche nyuma ya shauri jema, hata kama shauri lenyewe lina ukweli ndani yake, maana watu watajibu shauri, na weye utabaki peke yako na huzuni yako. Kusema hakutazuia jembe kila mara. Mungu akupe watu wa kukaa nawe kwanza, kabla ya kuliinua.

Jioni tulikula bugali ya muhogo na sombe, majani yake ya kutwanga, yenye ndagala wadogo wa ziwani. Mtoto akaomba aongezewe.